Kitufe cha "Lipa" kinageuka kijani kwako, kwa mteja kimegoma: sababu na dawa yake

Mteja yuko kwenye daladala. Amefungua duka la mtandaoni, amechagua viatu, amefika mwisho. Anabofya "Lipa". Kitufe kimetulia tu, hakijabadilika rangi wala maandishi. Anangoja kidogo, anabofya tena.

Muda huo huo simu inaleta ombi la kuweka namba ya siri ili athibitishe malipo. Anaweka. Linakuja ombi la pili. Anadhani la kwanza halikupita, anaweka tena. Viatu ni jozi moja, hela imekatwa mara mbili.

Aliyetengeneza tovuti akiulizwa, anashangaa. Kwenye kompyuta yake kitufe kinageuka kijani mara tu kinapobofywa, na maandishi yanakuwa "Inatumwa". Amejaribu mara nyingi, hajaona shida.

Wote wawili wanasema kweli. Ukurasa ni ule ule, ila umefunguliwa na vivinjari viwili, na kila kimoja kina namna yake ya kutekeleza maagizo.

LUGHA MOJA, WASOMAJI WENGI

Kazi ya kubadilisha rangi na kusikiliza kubofya hufanywa na JavaScript. Lugha hii ilibuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 akiwa kampuni ya Netscape, na toleo la mwanzo lilimchukua siku 10 hivi. Mwaka uliofuata Microsoft ikaja na ya kwake, JScript, ndani ya Internet Explorer 3. Zilifanana, lakini hazikuwa pacha.

Mwaka 1997 ukatoka mwongozo wa pamoja ulioitwa ECMAScript. Tatizo ni kwamba ulihusu lugha yenyewe tu. Namna ya kugusa vitu vya kwenye ukurasa, kama vitufe na rangi zake, ilibaki kila mtu na lake kwa miaka mingi.

Leo mambo yametulia kiasi. Chrome, Edge na Samsung Internet zinatumia injini moja iitwayo Blink. Firefox ina Gecko, Safari ina WebKit.

Kwenye iPhone kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa miaka mingi Apple ilitaka kila kivinjari kwenye simu hiyo kitumie WebKit, hadi ilipolegeza sharti hilo ndani ya Umoja wa Ulaya mwaka 2024. Kwa hiyo Chrome ya kwenye iPhone si ile ya Android. Nguo ni za Chrome, mwili ni wa Safari. Aliyejaribu ukurasa wake kwenye moja hajaujaribu kwenye nyingine.

KOSA LINALOANZIA SHULENI

Kubadilisha rangi ya kitufe ni mstari mmoja tu:

kitufe.style.backgroundColor = "green";

Hapa wapo wanaokwama kwa sababu ya kuchekesha. Aliyesoma Tanzania au Kenya amefundishwa Kiingereza cha Uingereza, na neno la rangi amekuwa akiliandika "colour" tangu akiwa mdogo. JavaScript inajua "color" tu, ile ya Kimarekani.

Akiandika kitufe.style.colour = "red", hakuna onyo lolote linalotokea. JavaScript inaipokea kama sifa mpya isiyo na kazi, inanyamaza, na rangi inabaki vile vile. Mtu anaweza kumaliza jioni nzima akiilaumu simu, kumbe ni herufi moja.

Mtego mwingine ni kistari. Kwenye faili la CSS huandikwa background-color. Ndani ya JavaScript kistari hicho ni alama ya kutoa, kwa hiyo sifa hiyo huandikwa kwa neno moja lenye herufi kubwa katikati: backgroundColor.

USIIULIZE RANGI IKUAMBIE KILICHOTOKEA

Kosa kubwa zaidi si kubadilisha rangi, ni kuitumia kama kumbukumbu. Wengi huandika hivi: "kama kitufe ni kijani, kifanye chekundu, kama sivyo, kifanye kijani." Kwa macho, hesabu imekaa sawa.

Lakini mtu akiweka rangi kwa namba, tuseme #008000, kisha akauliza kitufe kina rangi gani, kivinjari cha leo kitamjibu rgb(0, 128, 0). Ni kijani kile kile kilichoandikwa kwa namna nyingine. Akilinganisha maandishi hayo mawili, jibu ni kwamba hayafanani, na kitufe hakigeuki kamwe.

Internet Explorer za zamani zilikuwa zikirudisha namba kama ilivyoandikwa. Ndiyo maana mistari ya zamani inayonakiliwa mtandaoni ilifanya kazi enzi hizo, na leo inazingua.

Tena, kama rangi ilitoka kwenye faili la CSS, kuuliza kwa kutumia style hurudisha jibu tupu. Sehemu hiyo inajua tu kile kilichoandikwa moja kwa moja kwenye kitufe chenyewe.

Dawa ni kuitenganisha hali ya kitufe na rangi yake. Kitufe kipewe klasi, yaani jina la hali, mfano "kimebofywa". Faili la CSS liseme kitufe chenye jina hilo kiwe na rangi gani. JavaScript iwe na kazi ya kuweka na kuondoa jina tu:

kitufe.classList.toggle("kimebofywa");

Kesho mwenye duka akitaka bluu badala ya kijani, hubadilishwa sehemu moja tu, na mengine yote yanaendelea kama kawaida.

WAKATI MWINGINE KIVINJARI KINADANGANYA MAKUSUDI

Kuna sababu nyingine ya kutoitegemea rangi. Viungo ambavyo mtu ameshavifungua huwa na rangi tofauti na ambavyo hajavifungua. Zamani tovuti iliweza kuficha orodha ya viungo kwenye ukurasa, kisha JavaScript ikasoma rangi ya kila kimoja. Kwa njia hiyo ilijua mgeni wake ameshatembelea benki gani, gazeti gani au hospitali gani.

Mwaka 2010 Mozilla ilitangaza njia ya kuliziba tundu hilo, na vivinjari vingine vikafuata. Siku hizi JavaScript ikiuliza rangi ya kiungo, hujibiwa kana kwamba hakijawahi kufunguliwa, hata kama machoni mwa mtu kimeshabadilika. Rangi anayoiona mtu na rangi inayoambiwa programu si lazima ziwe moja.

KUBOFYA NAKO KULIKUWA NA KAMBI MBILI

Kwa miaka mingi, aliyetaka kitufe kisikilize kubofya aliandika mara mbili. Vivinjari vingi vilielewa addEventListener, lakini Internet Explorer ilitaka attachEvent. Ni usumbufu kama huo ulioipa umaarufu jQuery, maktaba aliyoitoa John Resig mwaka 2006. Mtu aliandika agizo moja, yenyewe ikahangaika na tofauti za vivinjari. Internet Explorer 9 ya mwaka 2011 ndiyo iliyoanza kuelewa addEventListener, na mwezi Juni 2022 Microsoft ikaacha rasmi kuihudumia Internet Explorer 11 kwenye matoleo mengi ya Windows 10.

Leo addEventListener inatosha, ila mazoea mawili ya zamani bado yanaleta shida.

La kwanza ni kutumia onclick mara mbili kwenye kitufe kimoja. Agizo la pili hufuta la kwanza. Kama la kwanza lilikuwa la kubadilisha rangi na la pili la kutuma malipo, rangi haitabadilika. Kwa addEventListener yote mawili hufanya kazi.

La pili ni return false. Ikiwa ndani ya onclick, huzuia kiungo kisifunguke. Ikiwa ndani ya addEventListener, haizuii kitu. Hapo panahitajika preventDefault(). Anayehamisha mistari kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine bila kujua hili hubaki akijiuliza kwa nini ukurasa unaruka.

KIDOLE SI KIPANYA

Kwenye simu za mwanzo, kivinjari kilingoja takribani milisekunde 300 baada ya kidole kugusa, ili kijue kama mtu anataka kugusa mara mbili na kukuza ukurasa. Mtu aliona kitufe kizito, akabofya tena. Chrome ya Android iliondoa kungoja huko mwaka 2014 kwa kurasa zilizotengenezwa zitoshee simu, yaani zenye agizo la viewport lenye width=device-width. Safari ilifuata mwaka 2016. Ukurasa usio na agizo hilo bado unaweza kuwa mzito.

Kosa jingine ni kutengeneza kitufe bandia, yaani kipande cha ukurasa cha div kilichopakwa rangi kifanane na kitufe. Safari ya iPhone imejulikana kwa kupuuza kubofya kwenye vipande hivyo katika mazingira fulani. Mtu anayetumia kibodi hawezi kukifikia, na programu ya kuwasomea wasioona haimwambii kwamba hapo pana kitufe. Kitufe halisi cha button hakina matatizo hayo, na rangi kinapokea kama kawaida.

MTEJA ANAYEBANA BANDO

Sasa turudi kwenye daladala. Opera Mini inapendwa na wanaobana bando. Katika hali yake ya kubana data zaidi, ukurasa haufunguliwi kwenye simu. Seva za Opera ndizo zinazoufungua, zinaubana na kuutuma ukiwa mwepesi. JavaScript nayo inaendeshwa kule kwenye seva, tena kwa muda mfupi tu.

Maana yake ni kwamba kubadilisha rangi baada ya kubofya si jambo la papo hapo tena. Ombi linasafiri hadi kwenye seva, ukurasa mpya unatengenezwa, ndipo unarudi. Mtandao ukiwa mzito, mteja anaona kitufe kilichokufa. Kwa hiyo mfumo wa malipo haupaswi kutegemea kwamba rangi itamzuia mtu asibofye tena.

JINSI YA KUZUIA MALIPO MARA MBILI

Hatua ya kwanza ni kuifanya fomu itumike hata bila JavaScript. Kitufe cha button ndani ya fomu kinajua kutuma chenyewe. Rangi na maandishi ya "Inatumwa" yaje kama nyongeza.

Hatua ya pili ni kufunga kitufe baada ya kubofywa, na hapa pana mtego. Wengi huweka disabled ndani ya tukio la click. Kitufe kikifungwa hapo, fomu huweza isitumwe kabisa, kwa sababu kitufe kimezimwa kabla hakijafanya kazi yake. Sehemu salama ni tukio la submit la fomu yenyewe:

fomu.addEventListener("submit", function () {
  kitufe.disabled = true;
  kitufe.classList.add("kimebofywa");
  kitufe.textContent = "Inatumwa...";
});

Hatua ya tatu ndiyo inayolinda hela. Kila oda ipewe namba yake ya pekee ukurasa unapofunguliwa. Ombi la malipo likifika kwenye seva, seva iangalie: namba hii imeshapokelewa? Kama ndiyo, isitume ombi jingine kwenye simu ya mteja, imrudishie tu taarifa ya lile la kwanza. Hapo mteja akibofya hata mara kumi, atakatwa mara moja.

RANGI PEKE YAKE HAITOSHI

Hata rangi inapobadilika vizuri, si kila mtu anaiona. Wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, na tatizo hilo huwapata zaidi wanaume. Yupo pia mwenye kioo kilichofifia, na aliye juani saa saba mchana.

Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unasema rangi isiwe njia pekee ya kumpa mtu taarifa. Pia unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijani kibichi chenye maandishi meupe mara nyingi hakifiki hapo. Ndiyo maana neno "Inatumwa" lina uzito kuliko kijani chochote.

KABLA YA KUMKABIDHI MTEJA

Majaribio yanayotosha hayahitaji gharama. Ukurasa ufunguliwe kwenye Android ya bei nafuu, kwenye iPhone ya kuazima, na kwenye Opera Mini ikiwa imebana data. Kisha JavaScript izimwe kabisa kwenye kompyuta, na fomu ijaribiwe tena. Mwisho, kitufe kibofywe mara mbili haraka haraka, kama anavyofanya mtu mwenye wasiwasi na hela yake.

Baada ya hapo aangaliwe kwenye seva: oda ngapi zimeingia? Ikiwa ni moja, tovuti iko tayari, hata kama kwenye simu mojawapo kitufe hakikuwahi kugeuka kijani. Zikiwa mbili, kijani hicho hakijamsaidia mteja wa kwenye daladala.