Kabla ya kulipa katika kliniki ya ngozi

Je, msomaji, umewahi kuingia kliniki ya ngozi ukavutiwa na viti vya starehe na picha za nyuso laini ukutani? Hizo si dalili za tiba bora.

Hapa Kenya, sheria hudai leseni mbili: ya kliniki yenyewe na ya daktari anayekutibu. Zote hufanywa upya kila mwaka. Mkaguzi hutazama leseni hizo, usafi wa vyombo, tarehe za dawa na rekodi za wagonjwa. Lakini mkaguzi hayupo kila siku.

Hivyo basi, uliza mwenyewe. Anayeshika sindano ni nani, na amesajiliwa? Krimu unayopewa ina jina la dawa, au ni kopo lisilo na maandishi? Krimu kama hizo huweza kuwa na zebaki, ambayo huharibu figo, au steroidi kali, ambazo hufanya ngozi kuwa nyembamba. Ukikatwa uvimbe, je, utapelekwa maabara? Usipopimwa, huenda saratani ikatupwa pamoja na pamba.

Daktari mwema hakasirishwi na maswali. Akikasirika, ondoka, kisha upeleke malalamiko yako kwa Baraza la Madaktari.