Rivolva na Nguruwe Mwitu Kando ya Ziwa Mweru

Nguruwe mwitu anayefukua mihogo ya Nchelenge hutembea usiku. Si ngiri, yule anayekimbia mchana akiwa amesimamisha mkia kama mlingoti. Huyu ana manyoya marefu, masikio yaliyochongoka yenye vishungi, na pua ngumu inayolima udongo kama jembe. Wengi huwa na uzito wa kati ya kilo 50 na 100, na dume mkubwa huzidi hapo. Mwili huo wote umebebwa na miguu mifupi, hivyo mgongo wake kwa kawaida haupiti kiuno cha mtu mzima. Anayetaka kujikinga naye kwa rivolva hana budi kuanzia kwenye umbo hilo: mnyama mzito aliye chini, kwenye majani, gizani.

Wilaya ya Nchelenge imenyooka kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, mkoani Luapula, ikitazamana na Kongo ng'ambo ya maji. Watu wengi wanaishi kwenye ukanda mwembamba wa ufukoni, kuanzia Nchelenge yenyewe na soko la samaki la Kashikishi, nyumba zikifuatana na barabara. Mashamba yako nyuma ya nyumba, kuelekea vichaka na misitu ya upande wa Hifadhi ya Taifa ya Lusenga Plain. Tangu Januari 2018 wilaya hiyo ina pia makazi ya wakimbizi ya Mantapala, ambako Kiswahili cha Kongo husikika kila siku na familia nyingi huishi kwa kulima. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane, na mikono iliyokuwa ikivuta nyavu hurudi kwenye jembe. Ni majira ya mvua, nyasi zimerefuka na mahindi yanabeba. Nguruwe naye anajua.

Hata hivyo mahindi ni ya msimu tu. Muhogo ndio unaomvuta mwaka mzima, kwa sababu hukaa ardhini mwaka mmoja hata mitatu ukisubiri kuchimbwa. Kwa mkulima hilo ni akiba. Kwa nguruwe ni ghala lisilo na mlango. Kundi moja la dume, majike na watoto huweza kugeuza tuta baada ya tuta kwa usiku mmoja, likila kidogo na kuharibu kingi. Muhogo mtamu ndio huanza kuliwa. Ule mchungu, unaolowekwa kabla ya kusagwa unga, hustahimili zaidi, na hiyo ni mojawapo ya sababu za wakulima kuendelea kuupanda.

Nguruwe mwitu akisikia watu, mara nyingi hukimbia. Hatari huja katika hali chache zinazojulikana: amejeruhiwa, amebanwa na mbwa, au ana watoto. Dume wa jamii hii hulinda watoto pamoja na jike, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Meno yake ya chini ni mafupi kuliko ya ngiri lakini ni makali kama wembe, kwa kuwa husuguana na ya juu kila anapofunga kinywa. Kwa urefu wake, pigo lake humpata mtu kwenye paja na goti, mahali penye mishipa mikubwa ya damu. Mtu hufa kwa kuvuja damu, na kutoka shambani usiku hadi kituo cha afya ni safari ndefu.

Bunduki si ngeni kando ya ziwa hili. Misafara ya pwani ilizileta karne ya 19: mwaka 1867 mfanyabiashara Tippu Tip alimshinda chifu Nsama wa Itabwa, kaskazini mashariki ya Mweru, na Novemba ya mwaka huohuo mpelelezi David Livingstone alifika ziwani kwa njia zilizokwisha kukanyagwa na wafanyabiashara hao. Kilichobaki vijijini kutoka enzi hizo ni gobori, bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Hupiga mara moja, kisha mpigaji hubaki na fimbo ya chuma mkononi. Rivolva, ambayo Samuel Colt aliipatia hataza Uingereza mwaka 1835 na Marekani mwaka 1836, ilitatua tatizo hilohilo: vyumba vitano au sita vya risasi kwenye silinda inayozunguka, kila kimoja kikija mbele ya mtutu kwa zamu yake.

Kwa mtu asiye na mazoea ya silaha, rivolva ina faida za kweli. Haina magazini ya kukwama. Risasi ikikataa kulipuka, kuvuta kifyatulio tena huleta nyingine. Hubebwa kiunoni, mikono ikabaki huru kwa panga na kurunzi. Hasara zake ni kubwa zaidi. Mtutu ni mfupi, kwa hiyo kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa penye shabaha. Kifyatulio chake, pale nyundo isipokuwa imevutwa kwanza, huhitaji nguvu ya karibu kilo 5, na kidole kisichozoea huvuta silaha nzima upande mmoja. Kwa hiyo rivolva haifai kuwa silaha ya kuwindia nguruwe shambani. Ni kinga ya mwisho ya mtu ambaye mnyama amekwisha kumfikia, umbali wa hatua tano au kumi, na risasi yake ichaguliwe kwa kazi hiyo peke yake.

Kazi ya risasi hiyo ni kuzama. Hapa lugha yenyewe inahitaji uangalifu, maana Kiswahili huita risasi madini yale mazito ya kijivu, kikaita risasi pia kitu kizima kinachotiwa bundukini: ganda la shaba, fataki kitakoni, baruti ndani na kichwa mbele. Kichwa ndicho kinachoruka, na umbo lake lina maana kubwa kuliko mambo mengi yanayotajwa dukani. Kichwa chenye tundu mbele huchanuka kinapogonga nyama. Kwenye bastola hutumika zaidi kwa kujikinga na binadamu, ambaye kifua chake ni chembamba na ngozi yake laini. Kwa nguruwe huweza kuchanuka mapema mno, kikatumia nguvu yake kwenye manyoya, matope yaliyokauka, ngozi na mafuta, kikaishia begani. Jeraha huwa kubwa nje na fupi ndani. Mnyama haanguki, ila hasira humzidi.

Kichwa cha mviringo cha madini laini huzama vizuri zaidi, lakini hupita kikisukuma nyama pembeni bila kukata sana, na kikigonga mfupa kwa mteremko huteleza. Kinachofaa zaidi ni kichwa kizito cha madini yaliyochanganywa ili yawe magumu, chenye bapa mbele badala ya ncha. Bapa hukata tundu la duara, ugumu hukifanya kisipondeke kwenye mfupa, na uzito hukipeleka mbele. Kisipopatikana, kichwa kilichovikwa shaba chenye ncha laini ya madini ya risasi ni cha pili kwa ubora. Mwanafunzi akikumbuka hayo tu, kwamba kichwa kiwe kizito, kigumu na cha bapa, amepata sehemu kubwa ya elimu hii.

Baada ya umbo ndipo huja ukubwa. Risasi ya .38 Special, iliyotoka Marekani mwishoni mwa karne ya 19, hurusha kichwa cha gramu 10 hivi kwa nguvu isiyo mbali na jouli 300. Imewalinda polisi wa nchi nyingi, lakini kwa nguruwe mzito ni kidogo. Hufaa pale tu ambapo mpigaji hawezi kumudu kubwa zaidi. Ndugu yake .357 Magnum, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935, hutumia kichwa cha upana uleule kwa nguvu zaidi ya maradufu, karibu jouli 700. Kikiwa kizito, gramu 10 hadi 12, na kigumu, hupita bega la nguruwe mwitu na kufika moyoni. Iko pia .44 Magnum ya mwaka 1955, yenye kichwa cha gramu 15 na nguvu inayozidi jouli 1,000. Kwenye karatasi hiyo ndiyo bora. Mkononi mwa mwanafunzi mara nyingi ndiyo mbaya kuliko zote.

Sababu ni teke. Bunduki hupiga nyuma kwa kadiri inavyopiga mbele, na rivolva haina kitako cha kulaza begani. Mtu akipigwa teke la .44 mara mbili tatu, mwili wake hujifunza kuogopa: kabla hata ya mlio, mkono hushuka na macho hufumba, risasi ikachimba ardhi hatua mbili mbele yake. Mlio wake huumiza masikio yasiyokingwa. Usiku, mwako unaotoka mdomoni mwa mtutu hupofusha kwa muda, na katika muda huo nguruwe hupita mita zilizobaki. Tena rivolva nyepesi sana yenye risasi kali huleta ila nyingine: teke huweza kuvuta vichwa vya risasi zilizosalia vikachomoza kutoka kwenye maganda, silinda ikakwama. Basi rivolva nzito ya chuma yenye mtutu wa sentimita 10 au zaidi ni rafiki wa mgeni kuliko ile ndogo ya mfukoni.

Kwa hayo yote, jibu la busara kwa anayeanza ni rivolva ya .357. Vyumba vyake hupokea pia risasi ya .38, kwa sababu ganda la .357 lilirefushwa kwa kama milimita 3 makusudi, ili risasi kali isiingie kwenye silaha ya zamani isiyoweza kuihimili. Kinyume chake hakiwezekani wala hakijaribiwi. Mtu anaweza kuanza mazoezi na .38 nyepesi, mamia ya risasi, hadi kidole kizoee, kisha akapanda polepole. Hapo ndipo huonekana risasi inayomfaa: ile kali kuliko zote ambazo bado anaweza kuzipanga tano ndani ya sahani ya kulia ugali kwa mwendo wa hatua kumi, kwa haraka. Kama sahani hiyo huipata kwa .38 tu, basi .38 yenye kichwa kigumu cha bapa ndiyo risasi yake, hata kama muuzaji anasema vingine. Risasi ndogo iliyoingia moyoni huua. Kubwa iliyopita juu ya mgongo huamsha kijiji.

Na wengi hupita juu ya mgongo kwelikweli. Manyoya ya shingoni husimama mnyama anapokasirika, humfanya aonekane mrefu, na macho ya mpigaji hulenga katikati ya kivuli. Moyo na mapafu viko chini zaidi, theluthi ya chini ya kifua, kwenye usawa wa mguu wa mbele. Akija uso kwa uso, fuvu lake limelala kwa mteremko na ubongo ni mdogo, kwa hiyo shabaha huwa ngumu mno.

Risasi inayozama vema ina upande wake wa pili: ikimkosa mnyama, au hata ikimpita, huendelea. Mashamba ya Nchelenge yako mgongoni mwa nyumba, na nyumba hizo ni za tofali na bati, nyingine za udongo na nyasi. Kupiga kuelekea barabarani au ziwani usiku ni kupiga kuelekea watu waliolala na wavuvi walio na taa zao majini. Hili ndilo linalotia hofu kuliko nguruwe mwenyewe, na ndiyo sababu kubwa ya kupendelea bunduki ya marisau pale sheria inaporuhusu. Bunduki hiyo ya kipenyo cha 12 hulazwa begani na hulengwa kwa urahisi zaidi. Risasi yake moja nzito ya gramu 28 hubeba zaidi ya jouli 3,000, na marisau makubwa hupoteza nguvu upesi kuliko risasi ya bunduki ya masafa. Walinzi wazoefu wa mashamba huichagua hiyo kabla ya bastola yoyote.

Leseni ya silaha Zambia hutolewa na polisi chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 110, na ya bastola hutolewa kwa shida kuliko ya bunduki ndefu. Wanyama wako chini ya Sheria ya Wanyamapori Namba 14 ya mwaka 2015, inayosimamiwa na Idara ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori. Kuua ili kuokoa maisha au mali kunatambuliwa, lakini lazima kutolewe taarifa, na nyama si mali ya aliyepiga. Ndiyo maana wengi, hasa wasio na silaha kabisa, hutegemea moto, kupiga madebe, mbwa, mitaro na uzio wa miti iliyosukwa kwa karibu, na kulala kwenye kibanda shambani mazao yanapokomaa. Uzio ulioshindiliwa chini, usioacha nafasi ya pua kupenya, huzuia nguruwe wengi kuliko silinda yoyote iliyojaa.

Nguruwe aliyejeruhiwa hafuatwi usiku. Husubiriwa hadi mapambazuko, kisha watu kadhaa hufuata damu wakiwa na mbwa, bila mtu mmoja kutangulia peke yake kwenye nyasi ndefu. Akikutwa amekufa, mzoga hauburuzwi kupita kwenye mabanda: nguruwe mwitu huweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila yeye mwenyewe kuugua, na damu yake ikifika kwa nguruwe wa kufugwa huweza kumaliza zizi zima kwa siku chache. Panga, viatu na nguo huoshwa kabla mtu hajarudi kulisha nguruwe wake.