Mbio za Jangwani Ama Motokrosi: Gani Ni Noma Zaidi? Jibu Liko Hapa Malaba

Jumapili moja nilikuwa steji ya Malaba, nimekalia Boxer ya mwenyewe nikingoja mvua iishe. Wasee wawili wakaanza kubishana juu ya vidio ilikuwa inazunguka kwa simu. Jamaa wa motokrosi anaruka kilima, anapaa, anashuka vibaya, halafu nduthi ya nyuma inamshukia mgongoni.

"Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote," wa kwanza akasema.

"Wewe hujacheki Dakar," wa pili akamjibu. "Hao wa jangwani hufia huko mchangani na hakuna mtu anaona."

Mzee wa steji, msee amebeba watu tangu enzi za baiskeli, akawakata: "Vijana, kuna kufa na kuna kuvunjika. Nyinyi mnabishania gani?"

Hapo ndipo steji ilinyamaza. Na kusema ukweli, mzee alikuwa amemaliza kesi. Lakini wacha nikupee story yote, juu hii maneno inakuhusu hata kama hujawahi ona mchanga wa jangwa.

Na kama kuna watu wako na haki ya kubishania nduthi, ni sisi wa hapa mpakani. Jina "boda boda" limetoka huku. Miaka ya 60, wasee wa baiskeli walikuwa wanavusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, huku Busia na Malaba, wakiita abiria "boda boda", yaani mpaka hadi mpaka. Baiskeli zikapisha pikipiki, jina likabaki, na leo linatumika mpaka nchi ambazo hazijui Malaba iko wapi.

Kwanza, tofauti ni gani?

Motokrosi ni mbio za kuzunguka. Uwanja ni wa udongo, mzunguko mmoja ni kama kilomita 1.5 hadi 2, umejaa vilima vya kuruka, kona na mashimo. Kwa mashindano ya dunia, nduthi hadi 40 zinasimama mstari mmoja, geti linaanguka, wote wanakimbilia kona moja. Mbio ni dakika 30 na mizunguko miwili juu, halafu mnarudia tena siku hiyo hiyo. Hapa kwetu, Nairobi wanakimbilia Jamhuri, na Waganda wako na uwanja wao Garuga, njia ya Entebbe.

Mbio za jangwani ni safari. Ile kubwa kabisa ni Dakar. Ilianzishwa na Mfaransa Thierry Sabine, na ya kwanza ilitoka Paris tarehe 26 Desemba 1978 kuelekea Dakar, Senegal. Mwaka wa 2008 ilifutwa kwa sababu ya usalama Mauritania, 2009 ikahamia Amerika Kusini, na tangu 2020 iko Saudi Arabia. Inachukua karibu wiki mbili. Siku moja ya kushindana inaweza kupita kilomita 400. Hiyo ni kama kutoka Malaba hadi Nairobi, lakini bila lami, bila kibao, na kesho unaamka kurudia.

Jangwani: kile kinakuua ni kile huoni

Watu hudhani mchanga ni laini, ukianguka ni kama godoro. Zii. Nduthi za Dakar zinafika hata kilomita 160 kwa saa, na chini ya mchanga kuna mawe, mitaro na nyasi ngumu zilizoshika udongo mpaka zikawa kama visiki.

Halafu kuna kilima cha mchanga chenyewe. Unakipanda na moto mwingi ndio usikwame, lakini ukifika juu hujui upande ule mwingine kuna nini. Inaweza kuwa mteremko poa, inaweza kuwa ukuta umekatika. Hakuna mtu amefanya mazoezi pale jana, juu njia ni mpya kwa kila mtu.

Ongeza kusoma ramani. Msee wa Dakar anasoma maelezo ya njia mbele ya usukani huku akiendesha. Piga hesabu: kwa kilomita 120 kwa saa, ukiangusha macho sekunde moja tu, umesonga mita 33 ukiwa kipofu. Na siku ya kumi mwili umechoka, maji yameisha mwilini, usingizi haujatosha. Mtu aliyechoka hufanya makosa ambayo asingefanya siku ya kwanza.

Ndio maana hata mabingwa wameenda. Mwitaliano Fabrizio Meoni alishinda Dakar 2001 na 2002, akafia Mauritania Januari 2005. Muaustralia Andy Caldecott akafia nchi hiyo hiyo mwaka uliofuata. Mhispania Carles Falcón alianguka Dakar ya 2024, akafa siku chache baadaye. Washindani wengi waliopoteza maisha kwa Dakar walikuwa wa pikipiki, si wa magari.

Lakini Mwafrika pia amewaonyesha kivumbi. Ross Branch wa Botswana alimaliza wa pili Dakar ya 2024 upande wa pikipiki, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia wa mbio hizi za masafa. Kwa hivyo hii si mchezo wa Wazungu peke yao.

Motokrosi: kile kinakuvunja ni kile unajua

Motokrosi spidi iko chini sana. Wastani wa mzunguko mara nyingi ni kama kilomita 50 hadi 60 kwa saa, kitu hata TVS ya steji inafika. Shida ni mbili: urefu na watu.

Tuanze na urefu. Ukianguka kutoka mita 3 juu, unagonga chini na spidi ya karibu kilomita 28 kwa saa, hata kama nduthi ilikuwa imesimama. Sasa weka pikipiki ya kilo zaidi ya 100 ikikufuata. Mkono, bega, goti, kifundo cha mguu, kichwa, uti wa mgongo: hapo ndipo watu wa motokrosi huumia, tena mara kwa mara.

Halafu watu. Ukianguka nyuma ya kilima, yule anakufuata tayari ameruka. Yuko hewani, na hewani hakuna breki. Ndio maana kando ya kilima kuna mtu amesimama na bendera ya manjano. Kazi yake ni kumwambia anayekuja, "Usiruke, kuna mtu chini." Huyo msee wa bendera anaokoa maisha kuliko helmeti ya bei yoyote.

Mmarekani David Bailey alikuwa kwa timu ya Marekani iliyoshinda Motokrosi ya Mataifa mwaka wa 1986. Januari 1987 akaanguka California, na tangu hapo hatembei. Jessy Nelson, Mmarekani mwingine, alipooza baada ya kuanguka kwa mbio za Unadilla, New York, Agosti 2016. Na motokrosi pia huua: Muaustralia Andrew McFarlane alikufa uwanjani Broadford mwaka wa 2010.

Ni mbio za udongo zilileta ile kinga ya shingo unaona wasee wakivaa kama kola. Daktari wa Afrika Kusini, Chris Leatt, alianza kuitengeneza baada ya kushuhudia mwendesha pikipiki mwenzake akifa mwaka wa 2001.

Sasa nani mshindi?

Kumbuka hesabu moja tu: spidi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne. Ikiongezeka mara tatu, nguvu ni mara tisa. Kwa hivyo anayeanguka na 150 jangwani anakula nguvu mara tisa ya anayeanguka na 50 kwa motokrosi.

Basi jibu ni lile la mzee wa steji. Motokrosi huanguka mara nyingi na kuvunjika mara nyingi. Jangwani unaweza kukaa siku nzima bila kuanguka, lakini ile moja ikikupata, inaweza kuwa ya mwisho. Ukiniuliza mimi gani ni noma zaidi, nasema jangwa.

Lakini wasee wawili wa Malaba walikuwa wamesahau kitu kimoja. Dakika.

Dakika nane

Tarehe 12 Januari 2020, Mreno Paulo Gonçalves alianguka Saudi Arabia, kilomita 276 ndani ya siku ya saba ya Dakar. Alikuwa na miaka 40, hii ikiwa Dakar yake ya 13. Waandalizi walipata ishara saa nne na dakika 8 asubuhi. Saa nne na dakika 16 helikopta ya madaktari ilikuwa imetua kando yake. Dakika nane, katikati ya jangwa. Washindani wenzake walisimama kumsaidia, na kwa Dakar muda unaopoteza ukisaidia mtu unarudishiwa. Hata hivyo hawakuweza kumwokoa. Siku iliyofuata pikipiki hazikukimbia. Na kuanzia 2021, kila msee wa pikipiki kwa Dakar lazima avae vesti inayojaa hewa akianguka.

Kwa motokrosi dakika ni chache zaidi. Daktari na ambulensi wako pale pale kando ya uwanja.

Sasa wacha nikuambie ya kwetu.

Mwaka wa 2021 binamu yangu alikuwa anatoka Busia akirudi Malaba usiku, peke yake. Unaijua hiyo barabara, inapita Alupe na Adungosi, kama kilomita 30 hivi. Mbele yake kulikuwa na lori limepaki bila taa. Hakuliona. Alilala pale karibu saa nzima. Wa kwanza kufika walienda na simu yake. Wa pili walikuwa watu wazuri, na hao ndio walimbeba: wakamkunja katikati ya watu wawili juu ya nduthi ingine, kichwa kinaning'inia, mbio hadi hospitali. Walitaka kumsaidia, na siwezi kuwalaumu. Lakini uti wa mgongo ulioumia hautakiwi kukunjwa. Leo anatembea na magongo. Fee yangu ya semesta iliingia kwa bili yake, na mimi sikurudi kolegi. Sijuti. Lakini sisahau.

Cheki basi. Boda wa mpakani anakula hatari za jangwani na za motokrosi pamoja. Uko peke yako gizani kama msee wa jangwani, na hujui nyuma ya kona kuna lori. Ukifika foleni ya malori Malaba, uko na msongamano kama geti la motokrosi. Simu umeifunga kwa usukani, unaisoma kama ramani ya Dakar. Tofauti ni kwamba wewe huna bendera ya manjano, huna helikopta, na unafanya hivi kila siku, si wiki mbili kwa mwaka. Halafu abiria wako hakujiandikisha kwa mbio zozote.

Ufanye nini sasa?

Huwezi nunua helikopta. Lakini haya unaweza:

- Vaa helmeti na uifunge. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ikiwa kwa tangi ama kwa mkono haihesabiki. Sheria inataka abiria naye awe na yake, na abiria ni mmoja.

- Usiku, endesha spidi ambayo taa yako inaona. Kama taa inamulika mita 30 na wewe uko na 80, hiyo ni kupanda kilima cha mchanga bila kujua upande ule mwingine.

- Mwenzako akianguka, wa kwanza asikimbilie kumuinua. Akae barabarani mbali kidogo na amulike taa, awe ndiye bendera ya manjano. Wa pili apige simu. Msalaba Mwekundu ni 1199. Wa tatu akandamize panapotoka damu na kitambaa safi.

- Usimkunje, usimkalishe, usimvue helmeti kwa nguvu kama anapumua. Kama lazima asongeshwe, mlaze kwa kitu kigumu kama ubao ama mlango, watu wanne, shingo imeshikwa isicheze, halafu pikapu ama probox. Si nduthi.

- Na nyinyi vijana mnarusha Boxer kwa vilima vya maramu ndio mpate vidio: shokamzoba za Boxer zimetengenezwa kubeba mtu na gunia. Zile za motokrosi zimetengenezwa kuanguka kutoka juu. Ukitaka kuruka, tafuta klabu, kinga ya shingo na mtu wa bendera.

Steji yetu ilianza na vitu vidogo. Kila msee alitoa soo, tukanunua glavu, bandeji na tochi mbili kubwa, zinakaa kwa kibanda cha mama wa chai. Ubao tulipewa na fundi. Mzee wa steji ndiye anaweka hesabu.

Wale wasee wawili bado wanabishana juu ya Dakar. Lakini wakitoka usiku kuelekea Busia siku hizi wanatoka wawili, mmoja nyuma ya mwingine, na kila mmoja anajua nani atapiga simu.