Anashuka Sebuleni Usiku Kuchati na Nani?

Kasheshe hii ilimkuta shosti yangu mmoja, dada mwenye kazi yake nzuri tu hapa Dar. Kila ikifika saa nne usiku, mumewe anachukua simu, anashuka ngazi polepole, anakaa sebuleni mpaka saa sita. Akiulizwa, jibu ni lile lile: "Huku juu mtandao haushiki." Wewe ungekubali? Shosti alishaanza kupanga nguo kwenye begi.

Nikamwambia, kabla hujaondoka, twende kwanza tukaipime hiyo nyumba. Sebuleni, video kwenye simu yangu ilicheza bila kukwama. Kufika chumbani juu, ikabaki inazunguka tu. Jamani, shemeji alikuwa anasema kweli!

Sababu ipo kwenye ujenzi. Kati ya chini na juu kuna slabu ya zege iliyojaa nondo. Zege hunyonya mawimbi ya waifai, na chuma huyarudisha yalikotoka. Ruta nyingi za sasa zina masafa mawili: ya gigahezi 5 yana kasi lakini huchoka haraka ukutani, ya gigahezi 2.4 yana kasi ndogo ila hupenya zaidi. Ukiwa chumba cha mbali, jaribu haya ya pili.

Mnafanyaje sasa? Anzeni na kisichogharimu hata senti. Ruta yao ilikuwa imefichwa kabatini, nyuma ya televisheni. Itoeni! Iwekeni mahali pa wazi, juu juu, katikati ya nyumba. Karibu na ngazi ni pazuri, kwa sababu pale slabu ina uwazi. Iwe mbali na kioo kikubwa, tangi la maji na maikrowevu, ambayo nayo hutumia masafa ya gigahezi 2.4.

Bado hali mbaya? Kuna ripita, kifaa kinachopokea mawimbi na kuyasukuma mbele. Wengi hukosea kwa kuiweka chumbani kwenyewe. Pale itapokea nini? Iwekeni katikati ya njia, mahali ambapo mtandao bado una nguvu. Ila mjue, ripita ya bei rahisi inaweza kupunguza kasi karibu nusu.

Dawa ya uhakika ni waya. Fundi anavuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi juu, anafunga kifaa cha pili cha kurusha waifai. Waya huo hufanya kazi vizuri hadi mita 100, na nyumba yako haifiki huko. Kama ndiyo kwanza mnajenga, mwambieni fundi atege paipu za nyaya kabla zege halijamwagwa.

Shosti alihamisha ruta, kisha akavuta waya. Usiku huo mumewe alibaki chumbani, na ndipo alipomwuliza kwa upole: unafanya nini usiku wote huo? Kumbe mkataba wake wa kazi ulikuwa unakaribia kuisha. Alikuwa anatuma maombi ya kazi, na aliona aibu kumwambia mkewe.

Siku hizi wanayaandika pamoja, kitandani. Begi limerudi juu ya kabati. Kwa hiyo wewe unayehesabu hatua za mwenzio kwenye ngazi, mwite fundi kwa ajili ya mtandao. Lile swali muulize mwenyewe.