Fahamu: Kwa nini diski ya Doctor Who inaweza kugoma Kisumu

BBC ilianza kuonyesha mfululizo wa televisheni wa Doctor Who tarehe 23 Novemba 1963, siku 19 kabla ya uhuru wa Kenya. Anayeukusanya mfululizo huu leo akiwa Kisumu hugongana kwanza na mipaka ya diski. Kampuni za filamu ziliigawa dunia kwa maeneo: DVD za Uingereza ni za eneo la 2, Kenya imo eneo la 5. Shangazi akikuletea seti kutoka London, deki yako ya nyumbani inaweza kuikataa. Tafuta inayosoma maeneo yote. Blu-ray ina nafuu, kwani Uingereza na Kenya zote zimo eneo B.

Hata hivyo, hakuna seti iliyotimia. BBC ilifuta tepu nyingi za miaka ya 1960. Vipindi vilivyookoka mara nyingi ni nakala za filamu zilizouzwa kwa vituo vya ng'ambo, Afrika ikiwemo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilivyopotea vimepatikana Jos, Nigeria. Vingine 97 vikabaki havijaonekana. Ndiyo maana naomba kwa dhati: ukikuta makopo ya filamu kwenye stoo ya zamani, usiyatupe kabla ya kusoma lebo.