GRANT ndani ya prosija: Kwa nini ROLLBACK hairudishi hela

Kwenye kanzidata ya Oracle, amri moja ya kutoa ruhusa ikiwekwa katikati ya prosija inaweza kuacha hesabu za fedha nusu nusu, na kosa lisijulikane mpaka mteja alalamike.

Prosija ni programu fupi inayohifadhiwa ndani ya kanzidata na kuitwa kwa jina kila inapohitajika. GRANT humpa mtumiaji ruhusa, REVOKE humnyang'anya.

Chukua mfano wa saccos. Prosija inakata shilingi 50,000 kwenye akaunti ya Asha, inampa karani ruhusa ya kusoma jedwali la risiti, halafu inaingiza hela kwa Juma. Hatua ya mwisho ikigoma, aliyeandika programu anategemea ROLLBACK irudishe kila kitu kilivyokuwa. Hairudishi. Oracle hupiga COMMIT kimyakimya kabla na baada ya GRANT, kwa hiyo makato ya Asha yameshakuwa ya kudumu wakati Juma hajapata kitu. Kibaya zaidi, hata GRANT yenyewe ikikataliwa kwa kukosa ruhusa, ile COMMIT ya kabla yake imeshapita. MySQL nayo hufunga muamala hivyohivyo inapokutana na GRANT. PostgreSQL ndiyo tofauti: huko GRANT inafutika pamoja na muamala.

Dawa ni kuitoa GRANT humo. Kama lazima ibaki, iwekwe kwenye prosija yake ya pembeni yenye PRAGMA AUTONOMOUS_TRANSACTION, isiguse muamala mkuu.

Kuna mtego mwingine, na huu umewakesha wengi. PL/SQL haikubali GRANT iandikwe hivihivi. Inatoa kosa PLS-00103, ndiyo maana hupitishwa kwa EXECUTE IMMEDIATE. Hapo tena inaweza kuja ORA-01031, yaani ruhusa hazitoshi, wakati amri ileile nje ya prosija inakubali vizuri tu. Sababu ni kwamba prosija ya kawaida hutumia haki za mwenye nayo, lakini zile alizopata kupitia ROLE hazihesabiwi. Inabidi apewe yeye mwenyewe moja kwa moja, tena WITH GRANT OPTION kama jedwali ni la mtu mwingine.

Mara nyingi GRANT ndani ya prosija haihitajiki kabisa. Karani akipewa EXECUTE ya prosija inayosoma risiti, inatosha: kazi yake inaenda, na akijaribu kufungua jedwali lenyewe, Oracle inamkatalia.