Fahamu: Kwa nini kuchemsha maji ya kisima hakutoshi Arusha

Maji ya kisima yanaweza kuwa maangavu na bado yakaharibu meno ya mtoto. Ndivyo ilivyo sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru, ambako miamba ya volkano huachia floraidi ndani ya maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi mno kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika.

Kuchemsha huua vijidudu, jambo jema sana, lakini floraidi haitoki. Maji yakipungua kwa mvuke, inakolea zaidi. Kipimo cha vijidudu nacho hakiioni. Kwa hiyo unapopeleka sampuli maabara, omba floraidi ipimwe. Wenye watoto wadogo, ambao meno yao ya ukubwani bado yanaundwa, wasichelewe.